Taa ya erbagi haizimwi kwa kukata waya

Mwezi uliopita taa moja nyekundu iliwaka mu gari yetu, ikakataa kuzimika. Ni ile yenye picha ya mutu mwenye kukaa, na duara kubwa mbele ya kifua chake. Gari yenyewe ni Toyota Prius ya mwaka 2010, hibridi, volani ku mukono wa kuume. Tulikusanya feza yake miaka miwili: prime za baba ku mugodi, likelemba ya mama, na deni kidogo kwa shemeji. Ni gari ya kwanza mu jamaa yetu. Kwa hiyo, taa ilipowaka, nyumba muzima ilijua. Siku ile ile klaksoni nayo ikanyamaza.

Tukaipeleka ku garaji moja. Mekanisie akaangalia, akacheka kidogo: "Papa, ile taa aina mambo. Leta dola 30, tunakata waya yake, autaiona tena." Tukaenda ku garaji ya pili. Pale wakatuambia kama erbagi yote imekufa, inaomba dola 400, na ingine itatoka mu gari iliyovunjwa.

Tutasema kweli: ile ya dola 30 ilitupendeza. Minerval ya watoto ilikuwa inangojea, na paa ya jikoni vilevile. Baba alikuwa tayari na mukono mu mufuko. Njo mutoto wetu mukubwa, mwenye kufanya kazi ku mugodi upande wa Likasi, akauliza: "Ku kazi, mutu akikata waya ya alarmi ya kamio juu inapiga kelele, banamufanya nini?" Tukajibu wote pamoja: "Banamufukuza siku ile ile." Akanyamaza. Na sisi tukanyamaza.

Ni juu ya ile ulizo tunaandika leo. Ku kazi tunavaa kaske, bote, miwani. Hakuna mutu anayekubali kushuka na kamio yenye freni mubaya. Tukirudia ku muji, tunapandisha bibi na watoto mu gari yenye kinga imekatwa na pense, na tunalipa feza ili waikate.

Kile kilichofichwa mu volani

Kila mutu wa Lubumbashi anajua njia ya hizi gari. Inatumika Japan miaka kumi ao zaidi, inauzwa, inapanda meli mupaka Dar es Salaam, inatembea mupaka Tunduma, inavuka Zambia, inaingia kwetu kupitia Kasumbalesa. Zamani tulikuwa tunaona zaidi Ist, Vitz na Noah. Sasa hibridi nazo zinaingia, na hatuwezi kulaumu wenye kuzinunua. Mutu mwenye kuishi Katuba ao Ruashi na kufanya kazi mbali anahesabu esansi lita kwa lita. Hibridi inakula kidogo, kwa sababu moteri ya umeme inasaidia ile ya esansi kila mara gari inaposimama na kuondoka. Lakini gari haizeeke paka mu moteri. Inazeeka pia mu vitu ambavyo hatuvione.

Erbagi ni mufuko wa kitambaa uliokunjwa ndani ya volani na ndani ya dashibodi. Mu gari zingine iko pia pembeni ya viti na juu ya milango. Gari ikigonga kwa nguvu, kompyuta ndogo inatuma umeme ku kichupa cha chuma. Ndani ya kichupa kuna baruti kidogo ao gazi iliyobanwa, na mufuko unajaa mbele jicho halijafunga na kufunguka. Wandugu wetu wa kupasua mawe watasikia haraka: ni tiri ndogo, inayopigwa karibu kabisa na uso wa mutu.

Mu hibridi kuna neno lingine. Nyuma kuna bateri kubwa. Mu Prius umeme wake unapita volti 200, na unatembea mu waya za rangi ya machungwa. Kiwanda kilipanga hivi: erbagi zikifunguka, ule umeme mukubwa unakatika wenyewe, ili wenye kuja kuokoa watu wasikamatwe nao. Basi mutu mwenye kucheza na waya za erbagi bila kujua, anacheza karibu na kinga mbili kwa mara moja.

Taa ikibakia inawaka, maana yake kompyuta imeona kosa. Siku ya ajali, erbagi inaweza kukosa kufunguka. Haiombi kingine paka kusikilizwa, kama vile alarmi ya ku kazi.

Nitrati tunayoijua

Kuna historia moja ambayo watu wa mugodi wataisikia kuliko watu wote. Kampuni ya Japan yenye jina Takata iliuzia viwanda vingi vya magari erbagi ambazo baruti yake ilitengenezwa na nitrati ya amonia. Njo ile ile nitrati tunayochanganya na mazuti ili kupasua mawe. Mutu yeyote wa baruti anajua tabia yake: inakunywa maji ya mu hewa. Ukiiacha wazi mu mvua za Desemba, inaganda, inaharibika, na siku ya tiri inaweza kubakia mu shimo bila kulipuka.

Mu erbagi, shida ilikuwa kinyume. Joto na unyevu vilifanya kazi yao miaka na miaka, vidonge vya nitrati vikavunjika kidogo kidogo kuwa unga. Unga unawaka mbio kupita kiasi. Kichupa cha chuma hakivumilie, kinapasuka. Pahali pa kupokea mufuko laini, mutu anapokea vipande vya chuma mu shingo na mu uso. Tena mara ingine mu ajali ndogo tu, ile ambayo angetoka mwenyewe na kuanza kubishana na shofere mwenzake.

Watu zaidi ya 30 walikufa duniani namna hiyo. Mwaka 2017 Takata ilikubali kosa lake mbele ya tribinali ya Marekani, kwa malipo ya dola miliari 1, na mu mwezi wa sita wa mwaka ule ule ikafilisika. Erbagi karibu milioni 100 ziliitwa zirudi zibadilishwe: za Honda, za Toyota, za Nissan, za BMW, za Ford na wengine. Zilizokuwa hatari zaidi ni zile zilizokaa miaka mingi pahali pa joto na unyevu. Sisi wa Haut-Katanga, wenye kupita kila mwaka mu joto la Oktoba na kuingia mu mvua mupaka Aprili, tusijidanganye kama ile ni habari ya watu wa mbali.

Prius yetu nayo iko na historia yake, na ile haihusu Takata. Mu mwezi wa sita wa mwaka 2016, Toyota iliita zirudi gari milioni 1,43 duniani: ni Prius na Lexus CT 200h zilizotengenezwa kati ya Oktoba 2008 na Aprili 2012. Shida ilikuwa mu erbagi za pembeni, zile zinazoshuka kama pazia juu ya madirisha. Kichupa chake cha gazi kina sehemu mbili zilizounganishwa kwa kulehemu, na vingine vilikuwa na ufa pale pa kulehemu. Zile sehemu mbili ziliweza kuachana, hata gari ikiwa imesimama tu bila mutu ndani. Gari yetu ni ya 2010. Tulinunua, tukaosha, tukaomba pastere aibariki, na hatukujua neno lolote juu ya ile habari.

Kwao wanaisimamisha, kwetu inatembea

Tuangalie vile wengine walifanya. Japan, tangu Mei 2018, gari yenye erbagi ya Takata ya hatari ambayo haijabadilishwa inakataliwa ku kontrole tekniki. Bila kontrole, haitembei. Ufaransa, baada ya vifo mu visiwa vyake vya joto na mara ingine ku Ufaransa kwenyewe, serikali mu mwezi wa sita mwaka 2025 ilitaka Citroën C3 na DS3 zote zenye ile erbagi zisimame mupaka zitengenezwe. Mwenye gari kule anapata barua ku nyumba, na kazi inafanywa bure.

Sasa tuulize: gari iliyokataliwa kontrole kwao, inakwenda wapi? Hatusemi kama kila gari inayofika Kasumbalesa ni mubaya. Mingi zilitengenezwa bure mbele ya kuuzwa. Tunasema tu kama munuaji wa huku hajui, na hakuna mutu wa kumwambia. Mu karatasi zote tulizopewa pamoja na gari yetu, hakuna mustari hata moja juu ya erbagi. Na ile barua ya kuita gari zirudi inakwenda kwa mwenye gari wa zamani, ku anwani yake ya zamani.

Tena tukumbuke volani. Kwetu tunatembea ku kuume, na hizi gari shofere anakaa ku kuume vilevile, pembeni ya mufereji. Mwenye kukaa kati ya barabara, mwenye kuangaliana uso kwa uso na makamio ya Kasumbalesa, ni yule wa kushoto. Ni nani anakaa pale? Mara mingi ni mama, na mutoto kwenye magoti.

Bei ya bongo na bei ya woga

Turudie ku feza, kwa sababu ni feza inayotusukuma kufanya ubaya. Kisha zile garaji mbili, rafiki mumoja wa kazi alitupeleka kwa kijana mwenye kujua hibridi. Yeye hakuanza na bisibisi. Alichomeka mashini ya kusoma makosa, ile inayoweza kusoma na erbagi, juu zile za bei ndogo zinasoma paka moteri. Kwa dola 15 alituonyesha: kosa liko nyuma ya volani. Pale kuna utepe wa waya unaojikunja na kujikunjua kila mara unapopinda. Ndani yake unapita umeme wa erbagi ya shofere na wa klaksoni. Miaka 15 ya kupinda, ukakatika. Njo maana taa iliwaka na klaksoni ikanyamaza siku moja. Erbagi yenyewe ilikuwa nzima.

Utepe mupya na kazi vilitugarimu dola 110. Jumla 125. Ni mara ine ya bei ya bongo, ile ya kukata waya. Lakini haifike hata nusu ya bei ya woga, ile ya kubadilisha kitu ambacho hakikufa.

Kwa hiyo tunawaambia wandugu: musilipe mutu yeyote mbele hajasoma kosa. Kuna makosa ya feza kidogo. Bateri ndogo ya volti 12, ambayo mu Prius iko nyuma, ikichoka inaweza kuwasha taa mingi. Chini ya viti vya mbele kuna viunganishi vya rangi ya njano. Kusukuma viti na kuosha gari kila Posho kunavilegeza. Kuna makosa ya feza ya katikati, kama lile letu. Na kuna makosa mazito: kompyuta inayosema kama gari ilikwisha kugonga na erbagi zake zilifunguka. Pale utajua kama uliuziwa gari ya ajali iliyopakwa rangi.

Bongo nayo iko na namna zake. Kuna wenye kutoa balbu ya taa. Kuna wenye kufunga kipande kidogo cha umeme pahali pa erbagi, ili kompyuta iwaze kama iko. Kuna wenye kurudisha kifuniko kizuri cha volani, na ndani hakuna kitu. Namna ya kupima ni rahisi, hata mama na mutoto wanaweza: washa kontakti bila kuwasha moteri. Taa ya erbagi inapashwa kuwaka sekunde karibu 6, halafu izimike yenyewe. Ikibakia, kuna kosa. Isipowaka hata kidogo, kuna mutu alipita pale mbele yako. Jueni tu kama yule wa kufunga kipande cha umeme anaweza kudanganya hata ile taa. Kwa hiyo, mbele ya kununua, mulipe na mashini ya kusoma.

Juu ya erbagi za kutolewa mu gari zilizovunjwa, tujihazari. Hakuna mwenye kujua ile ilitoka mu gari gani, ao ilikuwa moja kati ya zile zilizoitwa kurudi. Hatungenunua kamba ya kushukia mu shimo bila kujua ilitoka wapi.

Na wandugu mekanisie nao watusikilize, kwa sababu uso ulio karibu na volani ni wao. Mbele ya kugusa erbagi, unafungua bateri ya volti 12 na kungojea sekunde 90, kama kitabu cha Toyota kinavyosema, juu umeme unabakia kidogo mu kompyuta. Haupimi kichupa cha erbagi na mita ya umeme. Haugusi waya za machungwa kama haujafundishwa. Ku mugodi, mashini haitengenezwi mbele umeme haujakatwa na kufuli yenye jina haijawekwa. Kanuni ni moja.

Kwa wenye kusema "sisi ni wamasikini"

Tunajua mutatujibu nini. "Munaongea erbagi, na barabara iko na mashimo, na makamio yanalala bila taa?" Ni kweli. "Taksi tunamopanda watu sita, hata mukanda hauko." Ni kweli tena. "Dola 125 ni chakula ya watoto." Njo ukweli mukubwa kuliko yote, na hatuna haki ya kuucheka.

Tunajibu hivi. Kama feza haiko, taa ibakie inawaka. Taa inayowaka inakuambia kila asubui kama hauna kinga, na utatembea polepole. Taa iliyozimwa inakuambia bongo, na siku utakapouza ile gari itamuambia bongo ndugu yako. Hapa hatuongee tena umasikini. Dola 30 za kukata waya nazo ni feza. Wenye kuzilipa wanazo.

Na kuna vitu ambavyo haviombi feza. Mukanda, kwanza. Erbagi ilipangwa kumupokea mutu aliyefunga mukanda. Asiyefunga anatupwa mbele na kukutana nayo inapofunguka, na inaweza kumuumiza. Pili, watoto wakae nyuma. Mutoto kwenye magoti ya mama pale mbele, erbagi ikifunguka, inamukuta kichwa mbele ya mama. Nguvu yake ilihesabiwa juu ya kifua cha mutu mukubwa; mutoto muchanga inaweza kumuua. Tunajua ni desturi, na mama anamupenda mutoto wake. Ni kwa sababu anamupenda tunaandika. Tatu, namba ya shasi. Ku Prius kama yetu inaanza na ZVW30. Viwanda vya Japan viko na ukurasa ku intaneti ambako unaandika ile namba, na unaona kama gari iliitwa kurudi na kama ilikwisha kutengenezwa. Ukurasa uko mu Kijapani, lakini mutoto mwenye kujua simu atautafsiri.

Tunaomba nini

Kode yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Wakati ule, erbagi haikuwa mu gari za watu kama sisi. Hatuombi kanuni ya kufunga mupaka kwa gari za zamani, kwa sababu tungerudi kutembea kwa miguu. Tunaomba vitu vitatu.

Wakubwa wa OCC na wa DGDA: kila gari inayoingia Kasumbalesa isomwe na mashini, na matokeo yaandikwe ku karatasi moja ambayo munuaji atapewa. Namba ya shasi iangaliwe kama iko mu orodha ya gari zilizoitwa kurudi. Hiyo kazi inaomba dakika, haiombi siku.

Kampuni za migodi: muko na garaji, muko na mashini, muko na watu wa sekirite wenye kutufundisha kila wiki kama usalama hauishe ku mulango wa mugodi. Basi fungueni ule mulango mara moja kwa mwaka. Kila mufanyakazi alete gari yake, isomwe, apewe karatasi. Mufanyakazi aliyekufa ku barabara siku ya konje yake, kazi yake ku mashini haina mutu vilevile.

Na sisi wenyewe: tusimupe tena mutu dola 30 ya kutudanganya. Mekanisie anauza bongo kwa sababu anapata wanunuaji.

Sasa mu gari yetu taa inawaka sekunde chache na kuzimika, na klaksoni inalia. Namba ya shasi tuliiandika. Ilionyesha kama pazia za pembeni zilikwisha kubadilishwa Japan, na tulimushukuru Mungu na yule mwenye gari wa zamani tusiyemujua. Kila asubui mutoto wetu wa mwisho, akikaa nyuma na mukanda wake, anauliza: "Papa, imezima?" Hatuondoki mbele baba hajamujibu.